Malalamiko Kuhusu Gari Letu Kupona Haraka Mno

Kwa Meneja wa Huduma,
Karakana ya Kampuni ya Magari,
Jengo la Vioo.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: KUTENGENEZWA VIZURI KWA GARI LETU

Natumaini wewe na mafundi wako hamjambo, na kwamba sakafu yenu bado inang'aa kiasi cha mtu kuona aibu kuikanyaga.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa yule mzee mwenye gari dogo jeupe, anayekaa kwenye ukumbi wenu ameweka mikono magotini kama anasubiri kuitwa na daktari. Yeye huenda unamkumbuka. Mimi hutanikumbuka, kwa sababu mara zote tatu tulizokuja nilikaa nyuma ya mti wenu wa plastiki. Nimemaliza shule mwaka huu. Kusema mbele za watu kunanishinda, lakini kuandika naweza, na mwalimu wetu alisema malalamiko yakipewa namba hayamchoshi msomaji. Kwa hiyo nimeyapa namba.

Kabla ya namba, naomba nieleze tulikotoka. Kwa miaka kumi na moja gari letu lilitengenezwa kwenye gereji ya mtaani, nyuma ya muuza mbao, na fundi ambaye watu wote humwita Fundi Kesho. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, hilo ndilo jibu lake, hata kama ni pancha. Wateja wake hukalia kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu. Sisi tulikuwa pale karibu kila Jumamosi. Kisha ikafika siku ya harusi ya mama mdogo, na sisi ndio tuliobeba keki. Gari lilizima katikati ya njia. Mama alikaa kando ya barabara saa mbili nzima, keki mapajani, jua utosini, na viatu virefu mguuni. Keki iliondoka nyumbani na ghorofa tatu ikafika na mbili. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuanzia leo gari hili litatengenezwa na watu wanaovaa sare." Baba akajibu, "Sawa, mama watoto." Ndivyo tulivyofika kwenu.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mnatengeneza haraka. Mara ya kwanza mlitumia dakika hamsini, na katika hizo mliliosha gari pia. Kwa Fundi Kesho, kubadilisha plagi moja kulichukua saa nne, na katika saa hizo nne baba yangu alikuwa anaongea.

Hapa lazima nikueleze baba yangu. Ni mtu mwema, ila si msemaji. Nyumbani ana maneno matatu: "haya", "vizuri" na "mwulize mama yako". Kumtazama mtu usoni na kumwambia jambo la maana hawezi, na mimi nimefuata damu yake. Lakini boneti ikifunguliwa, yeye akashika tochi, mimi nikashika boksi la spana, sote wawili tukaitazama injini, maneno huja yenyewe. Nikiwa na miaka kumi nilimwambia hapo kwamba mimi ndiye niliyevunja kioo cha kabati. Akaiambia injini, "Nilijua." Nilipofeli hesabu kidato cha pili nilimwambia hapohapo. Alisogeza tochi, akasema, "Hesabu ngumu. Hata mimi zilinitesa. Hebu nipe kumi na tatu." Nikampa spana namba kumi na tatu. Sijawahi kufarijiwa vizuri kuliko siku ile.

2. Mstari wa njano. Mmeuchora mlangoni na kuandika kwamba mteja haruhusiwi kuuvuka. Injini yetu inafunguliwa huko ndani kama mgonjwa wa upasuaji, na sisi tunabaki na chai, makochi na televisheni. Mara ya pili tulipokuja nilijikaza. Nilitoka nyuma ya mti nikaanza, "Baba, kuna kitu nilikuwa nataka..." Akageuka akanitazama. Sote tukaogopa. Papo hapo kipaza sauti chenu kikasema, "Mteja namba ishirini na saba, gari lako liko tayari!" Baba akainuka kwa furaha ambayo, kusema kweli, iliniuma kidogo.

3. Mlango wa nyuma wa kushoto. Hatukuwaomba muuguse. Mlango huo ulikuwa haufunguki kwa ndani tangu nikiwa darasa la nne, na hapo ndipo ninapokaa. Kila tulipofika mahali, baba alizunguka gari, akanifungulia, akainama na kusema, "Karibu, Mheshimiwa." Hata siku ambazo alikuwa amekasirika alinifungulia, maana angefanyaje? Sasa mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Baba anashuka, anaenda zake. Mheshimiwa anajifungulia mwenyewe.

4. Kimya. Gari letu zamani lilisikika likiwa bado kwenye kona ya duka la dawa. Mama alikuwa na muda wa kumaliza umbea na jirani, mdogo wangu alikuwa na muda wa kuzima televisheni na kushika daftari, mimi nilikuwa na muda wa kuweka maji jikoni. Tulikuwa familia yenye adabu. Sasa baba anatokea tu mlangoni kama mkaguzi wa elimu. Wiki iliyopita alimkuta mama akimwigiza yeye baba anavyotafuta miwani huku ameivaa. Jirani wa mkono wa kulia, aliyekuwa akiamshwa na gari letu saa kumi na mbili asubuhi, amechelewa kazini mara mbili, naye anauliza nani atawajibika.

5. Karatasi ya vipengele arobaini. Mlitupatia karatasi yenye mambo arobaini mliyoyakagua, yote yamewekewa alama ya kijani. Mama ameibandika ukutani sebuleni. Huwasomea wageni, kipengele kwa kipengele: "Breki, nzuri. Taa, nzuri. Mkanda wa injini, mzuri sana." Nisamehe kwa kusema, lakini matokeo yangu ya mtihani hakuyasoma kwa sauti ile.

6. Dada wa mapokezi. Sina ubaya naye. Ni mchangamfu mno, na hilo ndilo kosa. Aliniona nyuma ya mti akasema, "Mdogo wangu, mbona umejificha? Karibu chai." Nikamjibu, "Asante, na wewe pole." Sijui kwa nini nilimpa pole. Nimeliwazia jibu hilo kwa wiki tatu. Fundi Kesho hajawahi kunikaribisha chochote. Yeye hunyoosha tu mkono bila kugeuka, na mimi najua ni spana gani anataka.

7. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Baba ameniletea fomu ya chuo cha mapokezi na ukarani. Alisema, "Una mwandiko mzuri, halafu wewe mpole. Kazi ya ofisini itakufaa." Fomu inatakiwa ifike chuoni Ijumaa hii. Mheshimiwa Meneja, mimi sitaki mapokezi. Nataka kuwa fundi wa magari. Nataka kuvuka ule mstari wenu wa njano. Mpaka leo nimemwambia mdogo wangu, aliyecheka halafu akaniuliza kama nitamtengenezea baiskeli bure, na sasa nakwambia wewe. Baba sijamwambia, kwa sababu jambo kama hilo linahitaji boneti iliyo wazi, na boneti yetu haijafunguliwa tangu mlipolikamata gari. Nimesubiri. Kila asubuhi nimetazama chini ya gari kama kuna hata tone la oili. Sakafu ni kavu. Jumapili niliomba dua rejeta ivuje kidogo tu, isiumize mtu. Haikuvuja.

Naomba uangalie haya yanaelekea wapi. Gari halitaharibika. Sitasema. Fomu itapelekwa. Nitahitimu mapokezi na kuwekwa kwenye meza ya mbele ya hospitali, ambako simu italia nami nitaitazama mpaka inyamaze. Wagonjwa watakosa kupangiwa madaktari. Madaktari, wakiona hawana wagonjwa, watafunga na kwenda kufanya biashara. Watu wataugulia nyumbani, maofisi yatakosa wafanyakazi, shule zitakosa walimu, na siku wataalamu watakapochunguza nchi iliharibikia wapi, watafuata nyayo hadi kwenye ukumbi wenu wenye makochi. Watakuta dakika hamsini.

Nisionekane napendelea upande mmoja, naomba niwataje wote wawili kwa haki. Ni kweli Fundi Kesho ana upungufu. Ukimpelekea gari kwa ajili ya breki, linarudi na breki, ila ukipiga honi taa ya ndani inawaka. Ni kweli alisahau koleo lake ndani ya gari letu tukasafiri nalo kwenda msibani na kurudi. Ni kweli siku moja alimaliza kufunga injini akabaki na bolti mkononi, akaigeuza-geuza, akasema, "Hawa waliolitengeneza huko kiwandani huwa wanaweka za akiba." Lakini tazama faida zake. Kwake hakuna siku tuliyokosa sababu ya kurudi. Nyinyi mnamtibu mtu mara moja halafu mnamtupa duniani.

Naye ameumia, japo hasemi. Baba siku hizi anazunguka njia ya shule ili asipite mbele ya gereji. Haimsaidii, kwa sababu Fundi Kesho hunywa chai njia ya shule. Juzi aliniita akasema, "Binti, mwambie mzee likipona kabisa aniletee nilione. Mimi miaka yote hii sijawahi kuona lililopona."

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mfanye mojawapo ya haya:

(a) Mturudishie ile kelele. Ilikuwa mali yetu.

(b) Muufunge tena mlango wa nyuma wa kushoto, kwa ndani.

(c) Gari letu likija, mkae nalo saa zisizopungua nne, na kipaza sauti kisitaje namba yoyote mpaka nimalize sentensi.

(d) Kama hayo yanavunja taratibu zenu, basi mtuandikie barua yenye mhuri kwamba gari letu limewashinda, ili mama aridhike na sisi turudi kwenye kiti cha basi. Ningeshukuru ikifika kabla ya Ijumaa.

Nisalimie dada wa mapokezi, na umweleze kwamba ile pole ilikuwa ya bahati mbaya. Msalimie mlinzi wa geti anayempigia baba saluti, baba hulala na tabasamu siku hiyo. Wasalimie mafundi wote, hasa yule mwenye miwani ambaye hufuta spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Nilimwona mlango ulipofunguka. Sikuwahi kujua kwamba spana hurudishwa mahali pake.

Ni mimi, nisiyeridhika kwa heshima zote,

Binti wa gari jeupe.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta anwani yenu nyuma ya ile karatasi ya vipengele arobaini, nikakuta mmeandika kwamba malalamiko hayapokelewi bila saini ya mwenye gari. Nilikaa nalo siku nzima. Jioni nikampelekea baba ukurasa wa mwisho tu, na kalamu, nikamwambia, "Baba, saini hapa." Nilisahau kwamba baba hasaini kitu bila kukisoma mara mbili. Akanyoosha mkono aletewe na kurasa nyingine.

Nilimpa zote, nikakimbilia jikoni nikaosha masufuria, hata yaliyokuwa safi. Akaja. Hapakuwa na injini, hapakuwa na tochi, hapakuwa na kitu chochote cha kutazama isipokuwa mimi, na alinitazama. Akauliza, "Ile fomu umeshaijaza?" Nikasema bado. Akasema, "Usiijaze." Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu ukweli: "Gari lilikuwa zima, baba." Alicheka mpaka akashika ukuta, mama akaja mbio akidhani amepaliwa. Tuliongea mpaka maji ya masufuria yakapoa, nikachemsha mengine, nayo yakapoa.

Kwa hiyo kila nilichoandika kwamba baba hawezi kuongea bila boneti kufunguliwa si kweli, na naona aibu kwamba ametia saini chini yake. Nafuta namba 1 hadi 7. Nafuta na maombi (a) hadi (d).

Limebaki swali moja. Nilisema nitajifunza kwa Fundi Kesho, baba akasema hapana, kwake nitafuzu nikiwa bibi, na mama akasema kwa watu wenye sare au hakuna. Mimi mwenyewe, tangu nilipoona ile spana ikifutwa, moyo ulikuwa huko kwenu, ila nilikuwa nimeshaanza kulalamika. Je, karakana yenu hupokea wasichana wanaotaka kujifunza ufundi? Tutakuja Jumanne saa tatu. Gari halina tatizo lolote. Baba amesema atabaki ameliegesha nje ili niingie peke yangu na kuuliza kwa mdomo wangu. Naomba umwambie dada wa mapokezi kwamba nikisimama mbele yake bila kusema kitu, sijapotea. Anipe muda kidogo tu.