Mwalimu Mutie Ahamishwe Kabla Chapati Hazijaisha

Gerishon Ngigi,
Mzee wa Maombi,
Kanisa la Mwito wa Neema,
Landless, Thika.

Kwa Baba Askofu,
Makao Makuu, Ruiru.

Baba Askofu mpendwa,

MINTARAFU: MASWALI YA MWALIMU MUTIE

Bwana asifiwe sana. Huku Landless tu wazima wa mwili, ila kanisa limeanza kufikiri, na ndiyo sababu nakuandikia.

Wajua mimi ndiye huombea chakula kila Jumapili baada ya ibada. Kazi hii nilipewa nikiwa bado na nywele, na sijawahi kuifanya kwa kifupi. Mwaka huu tulimpokea mshirika mpya, Mwalimu Mutie, anayefundisha falsafa chuoni na amepanga nyumba kule Murera. Ni mtu mpole, huja mapema, hukaa benchi la pili. Ndiyo maana hatukumshuku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu zamani nikisema "Mungu ni mwema," kanisa hujibu "Kila wakati!" kabla sijafunga mdomo. Jumapili moja Mutie aliinua mkono akauliza, kwa heshima kabisa, kama jambo huwa jema kwa sababu Mungu amelipenda, au Mungu hulipenda kwa sababu ni jema. Sasa nikisema Mungu ni mwema, watu hutazama mabati ya paa kwanza. Kukubali wanakubali, lakini baada ya kuwaza, na hiyo si adabu.

2. Kwaya ya akina mama huingia ikicheza, ikiimba kwamba inakuja mbele za Bwana. Mutie alimuuliza Aketch, kiongozi wao: ikiwa Mungu yuko kila mahali, kule nje walikuwa mbele ya nani? Jumapili iliyofuata Aketch alifika mlangoni akasimama kuwaza, na kwaya nzima ikasimama nyuma yake. Mvua ikawanyeshea na sare zao mpya. Wenyewe wanasema walibarikiwa.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Katika mafunzo ya Biblia Mutie alitukumbusha kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, kisha akauliza: basi tukiomba, tunamwarifu nini? Jumapili ile ile nilifumba macho kuombea chapati na dengu. Nilianza na uumbaji, kama kawaida, nikapitia serikali na hospitali, nikafika kwa wajane wa Murera. Zile "Amina" za katikati sikuzisikia. Nilipofumbua macho, sufuria zilikuwa tupu. Mama Lynn, msimamizi wa jikoni, akaniambia huku akijifuta mdomo, "Mzee Ngigi, si Mungu alikuwa anajua tuko na njaa? Wewe endelea tu." Nilikunywa chai ya rangi, tena baridi. Baba Askofu, niliumia. Kama chakula hakihitaji kuombewa, mimi nina kazi gani katika nyumba ya Bwana?

4. Mke wangu Nyawira siku hizi huenda darasa la Mutie la Alhamisi. Miaka yote nimemwambia kwamba kupumzika kwangu baada ya ibada ni mpango wa Mungu. Juzi aliniuliza nilijuaje. Nakuandikia nikiwa nimetoka kumenya waru, viazi vya chakula cha jioni.

5. Kibaya zaidi, kanisa limejaa. Vijana waliokuwa wakikaa nje juu ya pikipiki wakichezea simu wamehamia mbele, na hawataki ibada iishe. Hata Dismas, aliyelala kwenye kila mahubiri tangu harusi yake, sasa yuko macho. Nakuuliza, Baba, lini uliona injili ya kweli ikimwamsha Dismas?

Kwa hayo yote, naomba Mutie ahamishiwe huko kwenu Ruiru, ambako watu wana shughuli nyingi na hawana nafasi ya kufikiri. Ikishindikana, aamriwe asiinue mkono mpaka chakula kiombewe chote. Nimejaribu kufunga kula kwa ajili yake, lakini njaa ilipozidi nilianza kuuliza maswali mimi mwenyewe.

Msalimie Mama Askofu, wazee wote wa Ruiru, na Kagwe wa kinanda, umwambie ile spika yetu aliyoazima bado tunaikumbuka.

Wako katika Bwana kila wakati (nimewaza kwanza),

Gerishon Ngigi

Baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nimekaa mezani niiombee barua hii, kama ilivyo desturi yangu. Nimefumba macho, nikafungua mdomo, nikakumbuka kwamba Mungu aliyajua yaliyomo kabla sijashika kalamu. Sikuwa na la kumwarifu. Basi nikanyamaza, tukakaa tu, mimi na Yeye. Baba Askofu, sijaomba vizuri hivyo tangu niokoke. Na nilipofumbua macho, chapati alizoniandalia Nyawira zilikuwa pale pale mezani, zote, tena bado moto.

Tafadhali usimhamishe Mutie. Barua naituma hivyo hivyo, maana wewe ndiye uliyekuwa hujui.