Vita vya Katunge na Gunia la Ndengu, kwa Ajili ya Ua la Warusi

Hakuwa na farasi. Hakuwa na upanga, wala ngao, wala tarumbeta ya kumtangulia njiani. Meno ya nyuma hakuwa nayo, isipokuwa moja lililobaki kulinda mji ulioanguka. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, na goti lake la kushoto lilikuwa limejiuzulu tangu mvua za mwaka juzi. Hata hivyo tegeni masikio, enyi mnaopepeta na enyi mnaokula kilichopepetwa! Kwa maana Katunge binti Mbuvi, Mchagua-Mawe wa Kabati, ambaye katika miaka hamsini ya ndoa hakuna mgeni aliyeng'ata kokoto mezani pake, aliondoka kwake Jumatano asubuhi kwenda kupigana na kilo tisini za ndengu.

Chanzo cha vita kilikuwa ua. Si ua la shambani, bali bruchi ya dhahabu, pambo la kubana kifuani, kazi ya masonara wa wafalme wa Urusi, enzi zile wafalme hao wangali kwenye viti vyao: tawi dogo lenye vichipukizi saba vya mviringo, kila kimoja kimevikwa enameli ya kijani iliyochomwa motoni hadi ikang'aa kama jani lililonyeshewa. Mwenyewe alikuwa Fahima, mama wa Kitui mjini; babu yake, fundi cherehani, alipewa ua hilo na bibi mmoja Mrusi aliyezeekea Mombasa, na tangu siku hiyo hakuna binti wa nyumba ile aliyeolewa bila kuivaa. Ijumaa ilikuwa zamu ya Mwanamkasi, bintiye Fahima. Lakini kichipukizi kimoja kilikuwa kimebanduka, ndipo Fahima akaileta kwa Mzee Nyamai, mume wa Katunge, mganga wa saa zilizokata roho.

"Nikuandikie risiti?" Nyamai aliuliza.

"Ya nini, mzee? Si tunajuana?"

Maneno hayo ni mazito kuliko kufuli. Basi Nyamai, mwenye hekima nyingi kuliko inavyohitajika, alikisokota kichipukizi katika kipande cha gazeti, akakizika ndani ya gunia la ndengu, akiamini kwamba mwizi wa kutafuta dhahabu humo bado hajazaliwa. Jumanne Katunge alifungua gunia hilo apate kuliuza, akakuta karatasi iliyosokotwa. Sasa, mkulima gani wa Ukambani asiyejua kuwa karatasi ndani ya gunia ni ya dawa ya wadudu? Ilimfungukia mkononi papo hapo juu ya gunia. Akaangalia, asione kitu ila ndengu. Akasema dawa imeisha, akaitupa karatasi, akashona gunia kwa uzi wake mwekundu, akaliuza kwa Mbithi, mnunuzi wa nafaka wa soko la Tulia.

"Baba Mutunga, uliweka dhahabu ya watu kwa ndengu?" alilia jioni, habari ilipofichuka.

"Na wewe, Mama Mutunga, ukauza benki?"

Hivyo ndivyo walivyofika ghalani kwa Mbithi, Bwana wa Mizani, aliyekuwa na magunia mia moja na ishirini na lori la kuondoka saa sita.

"Hicho kitu ni kikubwa aje, Susu?" Mbithi aliuliza, akimpa heshima ya bibi.

"Kama ndengu."

"Na rangi?"

"Ya ndengu."

Mbithi alicheka hadi akashikilia mizani. "Susu, si uchukue tu ndengu moja umpelekee!"

Katunge akasimama, akaweka mkono kiunoni, akahutubia ghala zima. "Mbithi! Ulipooa, mikono hii ndiyo iliyochagua ndengu za watu mia nne, na hakuna aliyevunjika jino. Leo mikono hii inakuomba turubai moja, ungo mmoja, na ufunge huo mdomo."

Mdomo ukafungwa. Uzi mwekundu ukaonekana, gunia likabebwa, jeshi la kijani likamwagwa debe moja baada ya jingine. Nyamai alileta chekeche; ndengu zikapita, na kichipukizi, kwa vile kimelingana nazo, kingepita pia. Nduku, mshona magunia, alipaza sauti, "Nimekipata!" Kilikuwa kigae cha chupa. Debe la kwanza likaanguka, na la pili, na la tatu, na macho ya shujaa yakatoka machozi kwa kutazama kijani ndani ya kijani. Saa tano na nusu lori likapiga honi.

Nyamai akaketi juu ya debe tupu. "Tumwambie Fahima kilianguka njiani."

"Njia gani? Ya koo lako?"

Katunge akavua miwani. Akafumba macho. Kwa maana alijua jambo ambalo masonara wa wafalme hawakulijua: kila punje ya ndengu ina kitovu chake, kovu dogo pale iliposhikana na ganda. Kilichozaliwa kina kitovu, kilichofuliwa hakina. Akaingiza mikono katika debe la nne, akaziacha punje zipite vidoleni, kitovu, kitovu, kitovu, huku wapagazi wameshika pumzi na dereva amesahau honi. Kisha kidole gumba kikasimama. Kitu baridi. Kizito. Laini pande zote.

"Wewe," Katunge alikiambia, "huna mama."

Ghala lililipuka! Nduku akapiga vigelegele, wapagazi wakarusha kofia, na Mbithi mwenyewe akamtangaza mshindi wa Tulia, Kabati na nchi zote zinazolima ndengu hadi Mbumbuni.

Jioni hiyo Nyamai alikirudisha kichipukizi kikonyoni kwa koleo ndogo, kisha akachukua kalamu aliyoipata kwa jasho katika masomo ya ngumbaru, akaandika: "Kwa heshima na taadhima, kazi imekamilika bila tatizo lolote."

"Futa," Katunge alisema.

"Kwani haijakamilika?"

"Alikataa risiti kwa sababu anatujua. Basi atujue."

Nyamai akaandika yote: gazeti, gunia, lori, hata lile wazo la njiani. Katunge akaifunga bruchi kwa pamba, na kando yake akaweka punje moja ya ndengu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Aziweke pamoja aone. Akikosa hiyo, atafikiri tulikuwa wajinga tu."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo akaifunga kwa ugali wa moto, akaikandamiza kwa kidole gumba kile kile, na alfajiri akamkabidhi Musembi, dereva wa mizigo ya Kitui, ambaye aliiweka katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka.