Pigo la Mwisho ni Langu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Upepo. Nimeamua kuwa maarufu.

Kamati ya klabu ya matufe, ule mchezo wa kubingirisha mipira mizito kwenye nyasi, imekubali! Jumamosi mchezo wetu wa kadi hatuuchezi kwenye kile chumba cha nyuma kinachonuka viatu. Tunacheza ukumbini, mbele ya watu. Na tukimshinda Mfalme Kutu, picha moja itatundikwa ukutani. Ukuta ule ule wa mabingwa! Baba yupo pale, marehemu, na tufe lake mkononi. Kaka yangu Russell yupo mara mbili, na katika picha moja amefumba macho. Mimi sipo popote, hata karibu na mlango wa choo.

Mfalme Kutu ni adui wa kwenye kadi. Hakuna mtu anayecheza upande wake. Kila mzunguko tunafunua kadi moja ya fungu lake, na kadi hiyo inatutwanga. Sisi wanne ni mashujaa, wote upande mmoja. Tunashinda wote au tunakufa wote. Kwa miaka miwili, kila Alhamisi, tumekufa wote.

Swali linaloninyima raha: kama tunashinda wote, picha ni ya nani? Nimelifikiria dukani siku nzima huku nikiuza vigae vya bafuni. Jibu ni rahisi. Picha ni ya yule atakayempiga Kutu pigo la mwisho. Wenzangu hawajalifikiria jambo hili hata kidogo. Afadhali.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu Trevor Maslen kumpima. Trevor ni mkamua ng'ombe, mtu mkubwa kama kabati. Shujaa wake anaitwa Ukuta, na kazi yake ni kupigwa badala ya wengine. Nikamuuliza kama hachoki. Hatamani siku moja apige yeye? Akacheka mpaka ng'ombe mmoja akalia. Akasema yeye kutwa anapigwa mateke na ng'ombe na hakuna anayemwambia asante. Alhamisi anapigwa mateke na Mfalme Kutu, watu watatu wanamwambia asante. Kwake hiyo ni tofauti kubwa sana.

Sina la kumsaidia mtu kama huyo. Mmoja kaondoka kwenye mashindano.

Nikampigia Clive Dunstable, mwalimu mstaafu wa jiografia, mlinzi wa kanuni zetu. Shujaa wake ni Profesa Vumbi. Clive akasema utamu wa mchezo huu ni pale kadi ya Trevor inapofungua njia kwa kadi yake, yake ikafungua ya kwangu, na mlango ambao hakuna mmoja wetu angeuweza peke yake ukafunguka. Akasema lilipotokea hilo mwaka jana ilibidi atoke nje, azunguke maegesho ya magari mpaka moyo utulie. Nakumbuka. Tulidhani ameugua.

Wawili wameondoka kwenye mashindano. Bado Noeline. Huyo sijampigia.

Noeline Prowse aliendesha basi la shule maisha yake yote. Alichukua kiti cha Gary, mwenzetu wa zamani, Gary alipohamia mji wa Bendigo. Anacheza Nesi Nuru, shujaa asiyempiga mtu, anayegawa nguvu zake tu kama mtu anayegawa biskuti. Na biskuti halisi analeta pia! Kabla ya kila zamu anauliza, "Nev, wewe unahitaji nini?" Kila zamu! Watu wanampenda kupita kiasi. Ni mwanamke hatari sana.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Maafa.

Nilianza kwa kuwasaidia. Nilimwambia Trevor kadi ya kucheza, nikamwambia Clive kadi ya kucheza, nikainyoosha ile ya Noeline iliyokuwa imelala upande. Dakika chache baadaye Noeline akatoa pendekezo, kwa upole kabisa, kwamba mwenye kushika chupa ya sosi ya nyanya ndiye tu azungumze. Wakapiga kura. Watatu kwa mmoja.

Chupa ilipofika kwangu sikuiachia. Nilitoa hotuba nzuri kuhusu uongozi. Walisikiliza kwa heshima mpaka Trevor akasema, "Nev bwana, endelea tu, lakini pai yangu inapoa, na hiyo sosi ndiyo iliyobaki." Nikanyang'anywa.

Sasa jambo la siri. Katika fungu langu ipo kadi moja inayoitwa Pigo la Mwisho. Shujaa wangu ni Radi Kuu, na hiyo ndiyo kadi yake kubwa kuliko zote. Inavunja chochote, lakini ukishaitumia imekwenda. Trevor alikuwa hoi, amezingirwa na maroboti ya Kutu. Akauliza kama kuna mwenye Pigo. Nikasema sina. Nilikuwa nimeikalia.

Tukafa wote, kama kawaida. Nikasimama kuaga. Kadi ilikuwa imeganda kwenye suruali!

Noeline aliibandua yeye. Akasema, "Imekudondokea hapa, Nev," akairudisha kwenye fungu langu, na hakumwambia mtu. Hata neno. Ndivyo alivyo mkatili. Mtu mwenye utu angenitangaza mbele ya wote nikajitetea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo cha duka. Uso wa kwanza: shujaa mnyenyekevu. Uso wa pili: shujaa aliyechoka. Mteja mmoja akaniuliza kama natafuta kigae. Nimechagua wa pili.

Jioni nikapitia klabuni kumwona Beryl, katibu wa kamati, nikamwomba kwa adabu asogeze kidogo ile picha ya Russell ambayo amefumba macho. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mwanga. Akasema nafasi ipo tele, sote wanne tutaenea. Nikamweleza kwamba fremu nyembamba hupendeza zaidi. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Naona wivu. Nasema wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Baba alipokuwa anacheza, Russell ndiye aliyebeba tufe. Mimi nilipelekwa jikoni kukata vitunguu vya soseji, na nilivikata vizuri, na hakuna picha ya mkata vitunguu katika mji wetu wote wa Warrnambool. Kesho nataka nionekane. Ni hilo tu.

Jumamosi, 8 Machi

 Nitaandika kama ilivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Ni kweli wengi walikuja kwa ajili ya bahati nasibu ambayo mshindi hupewa sinia la nyama, lakini walikuwa na macho. Russell alikuwepo, bia mkononi. Nilivaa shati la harusi yangu, ambalo limedumu kuliko ndoa yenyewe.

Tulianza vizuri. Ajabu, vizuri mno! Trevor akapigwa, akapigwa, akasema asante. Clive akafungua njia. Wazee wa matufe walioanza kwa kutucheka wakavuta viti. Mmoja akauliza nani anashinda. Mke wake akamwambia, "Nyamaza, wote wanashinda, huoni?"

Nililiokota Pigo la Mwisho mapema. Nikalificha katikati ya kadi nyingine. Nilikuwa na kadi nyingi sana mkononi kwa sababu sikuwa nacheza hata moja. Shujaa lazima ajitunze.

Kisha ikatokea Kreni ya Bandarini. Hii ni kadi mbaya. Haina upande. Kila mzunguko unapokwisha humdondokea aliyebaki na nguvu kidogo kuliko wote mezani, awe shujaa, awe adui. Na aliyebaki na nguvu kidogo kuliko wote alikuwa Radi Kuu. Mimi!

Trevor akasema, "Nev, kama unalo Pigo, livunje hilo dude, ndugu yangu, litakuua." Clive akasema hivyo hivyo. Niliwatazama machoni nikasema sina.

 Noeline alinitazama, nadhani, kama alivyowatazama watoto wa nyuma kwenye kile kioo cha basi. Kisha akachukua nguvu zote za Nesi Nuru, zote, akazisukuma upande wangu. Nesi Nuru akafa pale pale. Alijitoa kwa ajili ya mtu mwenye Pigo mkononi! Niliona haya. Masikio yalipata moto. Nilikaribia kabisa kulitoa lile Pigo. Lakini Mfalme Kutu alikuwa amechoka, kabaki na nguvu za kuhesabu kwa mkono mmoja, na zamu ijayo ilikuwa yangu. Ningempiga. Nikavumilia.

Mzunguko ukaisha. Kreni ikaanguka. Clive akapima nguvu za kila mmoja kwa kidole, akapima tena. Mimi nilikuwa nimeongezewa. Mwenye nguvu kidogo kuliko wote mezani sasa alikuwa Mfalme Kutu!

Kreni ilimdondokea yeye. Akafa.

Ukumbi ulilipuka. Trevor alimbeba Clive kama ndama. Wazee walikumbatiana. Kipaza sauti kilikuwa kinamtaja mshindi wa sinia la nyama, na mshindi hakusikia, alikuwa anarukaruka na Noeline. Hata Russell alipiga mluzi. Beryl akaja na kamera akituambia tusogeleane.

Na mimi nikasimama nikapiga kelele, "Subirini!"

Nikawaambia kreni haina uso. Kreni haipigwi picha. Nikatoa Pigo la Mwisho nikaliweka mezani watu wote walione. Nikasema zamu ilikuwa yangu, pigo lilikuwa langu, miaka miwili nimelisubiri, na sasa limeibwa na chombo cha bandarini.

 Trevor aliitazama ile kadi, akanitazama mimi. Niliona anaelewa. Nilitamani sakafu inimeze.

Noeline ndiye aliyesema. "Basi tumsimamishe kidogo. Nev ampige, roho yake itulie, halafu tupige picha."

Na wakakubali! Hawakununa. Trevor akamwinua Mfalme Kutu kwa mikono yake mwenyewe, akampa nguvu moja tu. Clive alionya. Alisema, kwa sauti aliyoitumia kuwaonya wanafunzi wasiuguse moto, kwamba adui akisimama mezani yu hai, vita inaendelea, na mzunguko mpya huanza kwa kadi ya adui. Moja tu. Nikasema kadi moja si kitu.

Clive akaifunua. Kutu Kila Mahali. Kila shujaa anatupa kadi zote alizoshika, na kila kadi inayotupwa inamjeruhi aliyekuwa nayo.

Clive alikuwa na kadi mbili. Hizo mbili zilitosha kumuua. Trevor alikuwa na moja, naye angepona vizuri, lakini Ukuta akajiweka mbele yangu. Nilimwambia asifanye hivyo! Alisema ndiyo kazi yake. Kadi zangu zilimwangukia moja baada ya nyingine mpaka akafa, na zilizobaki zikanimaliza mimi. Pigo la Mwisho lilikuwa la mwisho kutupwa.

Tumeshindwa. Tulikuwa tumeshinda, tukamfufua adui, tukashindwa.

Beryl akauliza aandike nini. Ukumbi mzima ukamwambia aandike tumeshinda. Clive, ambaye hawezi kudanganya hata kuhusu umri wake, akasema kwa huzuni kwamba tumeshindwa. Kamera ikarudi kwenye mkoba.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Trevor alikaa chini sakafuni akicheka, machozi yanamtoka, akisema hajawahi kupigwa vizuri namna ile. Noeline akanipa biskuti. Ningepigwa kofi ningejisikia vizuri zaidi. Nilikwenda nyumbani bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala. Niliamua kujiuzulu. Sina haki ya kiti kile.

Mchana kengele ikalia. Wote watatu! Trevor na soseji zilizobaki ukumbini jana, Clive na mkate, Noeline na lile boksi la mchezo kifuani. Nilianza kusema samahani, nikaivuruga, nikaanza tena. Trevor akasema, "Acha bwana, mji mzima unaongea habari zetu. Beryl anasema kamati inataka turudie Alhamisi, ukumbini, na tukishinda picha iko pale pale."

Clive alisema bila mimi kreni ingevunjwa mapema na tusingeona maajabu yale. Noeline akasema boksi likae kwangu mpaka Alhamisi. Halijawahi kukaa kwangu. Siku zote linakaa kwa Clive, kabatini, chini ya ramani. Alisema anataka nijue kwamba meza ile ni yangu pia.

Nililia. Nilikwenda jikoni kulia, wakanisikia, wakajifanya wanaongea habari za mvua. Sijawahi kupendwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Nilirudi nikawaambia nimeelewa, kutoka moyoni: hakuna pigo la mtu mmoja, kuna sisi tu, na ndiyo maana mtu anatoka nyumbani kwenye upepo huu kila Alhamisi. Trevor alinikumbatia. Mgongo wangu ukalia ko!

Wameondoka sasa. Nyumba imetulia. Boksi liko mezani mbele yangu.

Nimelifungua, kutazama tu. Nimelipanga upya fungu la Mfalme Kutu, zile kadi kali zote nimezishusha chini kabisa. Za Trevor nimezipanga apigwe sana mapema, kwa kuwa anapenda. Nesi Nuru nimemtoa, nimemweka kwenye droo ya vijiko, Noeline anahitaji kupumzika. Na Pigo la Mwisho liko juu ya fungu langu, la kwanza kabisa, nitaliokota kabla ya mtu kuvuta kiti. Sasa niko tayari kabisa kushirikiana.