Golikipa Mrefu Kuliko Goli

Habari yenyewe ilitoka kwenye redio ya dada Priska, anayetuuzia kahawa hapa kijiweni kwetu Tunduma, mkabala na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mtangazaji alisema huko Marekani vyuo vikuu vina mpira wao, ule wa kuvaa helmeti na kugongana kama mabeberu, na kila kijana anayetaka kusajiliwa hupewa nyota, kuanzia moja hadi tano. Watafiti wamekaa, wamepiga hesabu, wamegundua kwamba vyuo vinavyosajili nyota wengi ndivyo vinavyobeba makombe.

"Hilo nalo lilihitaji watafiti?" akauliza Osea. Huyu tunamwita VAR, maana hakubali jambo mpaka lirudiwe.

"Lilihitaji," akajibu Lusubilo, ambaye ni wakala wa mizigo, ndiyo maana jina lake hapa ni Forodha. "Chuo chetu hapa kinapigwa kila mwaka na chuo cha Iyula kwa nini? Kwa sababu kinachezesha wanafunzi!"

"Sasa chuo kichezeshe nani? Makomandoo?"

"Nyota, VAR! Nyota!"

Mimi wananiita Spika, kwa kuwa huwa naongea hata nikinyamazishwa. Nikadakia: "Tupewe sisi huo usajili wiki mbili tu, Iyula wataomba mechi iahirishwe."

Kumbe Mwalimu Gwantwa alikuwa nyuma yangu ameshika kikombe. Ndiye mwalimu wa michezo wa Chuo cha Ufundi Nuru, na ndiye kocha. Nikatamani kumeza ulimi.

"Endelea, kaka Spika," akasema. "Mwezi ujao nacheza na Chuo cha Kilimo cha Iyula. Tangu timu ianzishwe hatujawahi kuwafunga hata bao la bahati mbaya. Mkuu wa chuo amesema nikiaibika tena anaivunja timu, na uwanjani anajenga karakana. Nileteeni hao nyota. Sharti wawe wanafunzi, kozi fupi zipo."

Hivyo ndivyo tulivyogeuka Kamati ya Usajili, watu watatu ambao mara ya mwisho kucheza mpira, mpira wenyewe ulikuwa wa makaratasi.

Forodha alivuka kwenda Nakonde, akaamkia watu "Mulishani" mtaa mzima, akarudi na mshambuliaji anaitwa Mwape. Viatu vya rangi ya chungwa, nywele za dhahabu.

"Huyu ana nyota ngapi?" nikamuuliza.

"Tano. Ya sita iko mpakani, inasubiri kibali."

VAR akamleta Mika kutoka milima ya Ileje. "Nimemwona kwa macho yangu akimfukuza ng'ombe. Kampita ng'ombe!"

Mimi nilimpata Tuntufye kwenye yadi ya malori. Alikuwa anafungua turubai juu ya semi bila kupanda popote, amesimama tu chini. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, golini utasimama?"

"Kusimama naweza," akasema.

Ningelisikiliza jibu lile vizuri, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Mwalimu aliwatazama wote watatu. "Mmewaona wakicheza?"

Tukaangaliana. VAR akakohoa. "Mwalimu, jicho la mpira halihitaji mpira."

Wakaandikishwa kwenye kozi zilizokuwa na nafasi: Tuntufye useremala, Mika upishi, Mwape ushonaji. Vijana watatu waliofanya mazoezi mwaka mzima wakapelekwa benchi, mmoja wao Nsajigwa, mwanafunzi wa ufundi bomba. Nsajigwa alivua jezi, akaikunja vizuri, akampa Mwape mkononi. Mwalimu aligeuka akatazama upande mwingine. Sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Jumamosi ya mechi ikafika. Mkuu wa chuo akakaa mbele kabisa na tai yake. Iyula wakashuka kwenye Fuso iliyotoka kubeba mahindi, wengine viatu vyao vimefungwa kwa kamba ya katani.

"Kamba!" Forodha akacheka mpaka akashika mbavu. "Hawa tunawafunga kwa kamba zao wenyewe."

Bao la kwanza lilipita chini ya Tuntufye. La pili chini vilevile. Yule kijana alikuwa mrefu kuliko goli lenyewe, ikabidi ainamishe shingo asigonge mwamba. Nikakimbilia nyuma ya wavu.

"Tuntufye! Inama!"

"Bosi, ulisema nisimame!"

Upande wa kulia Mika alichomoka kama mshale. Akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, akaupita na mpira, akaenda kusimama kwenye kibendera anatafuta alichokiacha.

"Hiyo irudiwe," VAR akasema kwa sauti ndogo.

Tukiwa nyuma tatu bila, tukapata penalti. Uwanja mzima ukaimba jina la Mwape. Yeye akatikisa kichwa, "Awe! Awe!" ambayo kwa Kibemba ni hapana, kila mtu wa Tunduma anajua. Lakini Mika ni mtu wa milimani, mpaka hajawahi hata kuusogelea.

"Awe nani?" akauliza.

"Awe!" Mwape akajipiga kifua, yaani yeye hapigi.

Mika akamgeukia mwamuzi. "Anasema awe yeye."

Mwape akasukumwa mpaka kwenye nukta. Alipiga. Mpira ukapita juu ya goli, juu ya ukuta, ukatua kwenye turubai la lori lililokuwa kwenye foleni. Lori likasogea. Kwa makadirio yetu, mpira ule sasa uko Lusaka.

"Na haujalipiwa ushuru," Forodha akanong'ona. Ilimuuma kuliko mabao.

Mapumziko tulikuwa tumefungwa manne. Mwalimu Gwantwa akawatoa nyota wote watatu, akawarudisha vijana wake. Hakututazama hata kidogo. Afadhali angetutukana, matusi yangenipoza.

Kipindi cha pili ulikuwa mpira mwingine. Iyula wakaongeza moja, lakini kwa jasho. Karibu na mwisho Nsajigwa akapokea mpira katikati, akampa mwenzake bila kutazama, akarudishiwa palepale alipojua atarudishiwa, akafunga. Mkuu wa chuo aliruka kutoka kwenye kiti, tai ikamziba uso. Bao letu la kwanza dhidi ya Iyula tangu timu izaliwe! Wanafunzi wakavamia uwanja kana kwamba ni kombe. Mwalimu alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika.

Sisi tuliondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu kijiweni palikuwa kama msibani.

"Redio imetudanganya," nikaanza. "Nyota hawashindi."

"Redio ilisema wasajiliwe nyota," akasema dada Priska huku anamimina. "Haikusema wachaguliwe na ninyi."

"Iyula mbona hawakusajili?" VAR akapinga. "Wale ni wakulima tu!"

"Wamesajili, tena sana." Ilikuwa sauti ya Mwalimu. Tukajibana kwenye benchi. "Kocha wao kila likizo anazunguka, Ruanda yetu hii, si ile nchi, Mbozi Mission, vijiji vyote. Kijana mmoja anamtazama misimu miwili kabla ya kumsemesha. Usajili unashinda mechi, ndugu zangu. Tatizo ni wasajili."

"Timu je?" nikauliza.

"Timu inabaki, na uwanja unabaki. Mkuu hajalala vizuri tangu lile bao, analisimulia hata kwa wapishi. Tuntufye karudi yadi. Mika anapika chapati, chuo kizima kinapanga foleni. Na Mwape kaniomba asiondoke. Ameshashona jezi zote zilizochanika. Mkono wake kwenye cherehani, sijaona mfano wake."

Forodha akainua kichwa taratibu. "Kwa hiyo... tumesajili fundi."

"Na mpishi!" VAR akadakia. "Kumbe kamati imefaulu!"

"Mkuu ameagiza kamati ivunjwe leo hii," akasema Mwalimu.

Tukainama tena. Yeye akafungua mkoba, akatoa mfuko wa kaki unaonukia, akauweka katikati yetu.

"Hii ni kahawa kutoka shambani kwa kocha wa Iyula. Amewatumia ninyi watatu."

"Sisi? Kwa lipi?"

"Amesikia kamati yenu inavunjwa. Ameniomba sana, kwa heshima zote, msivunjwe. Anasema mwakani muendelee na kazi hiihii."

Dada Priska aliweka birika chini, maana mkono ulishindwa kwa kicheko.

"Rudia," VAR akasema.

Mwalimu akarudia. Haikubadilika.

Forodha akakumbuka ana lori linasubiri. Mimi nikakumbuka nina mgonjwa, sikumbuki nani. Tukatawanyika kila mtu njia yake. Nilipofika kona nikageuka: VAR alikuwa amerudi benchi, ameukumbatia ule mfuko, anamwambia Priska achemshe maji, kahawa ya watu haina kosa.