Mistari Miwili Kando ya Jina la Kampire

Jumatatu, 2 Machi 2009. Kambi ya Nakivale.

Semahoro amesoma barua yangu mbele ya watu. Yeye ana taipureta, mimi nina kalamu na rula. Sote wawili tunawaandikia wakimbizi wenzetu barua za Kiingereza. Aliiinua juu akauliza kama ni barua au ni uzio wa mbuzi, maana imejaa vistari. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu. Nilifundisha Kifaransa kule Uvira miaka mingi. Kiingereza nimekiokota hapa hapa, na vistari vyake nimevipanda kwa kukisia.

Kabanyana, mjane wa kanisani kwetu, hakucheka. Barua ni yake: anaomba mama yake, mzee Kampire, aletwe kutoka kambi ya Kyangwali aje kuishi naye. Lori litakwenda huko mara moja tu, mwisho wa mwezi. Barua zinapokewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

"Mwalimu Gervais," akaniambia, "mie nakuamini. Lakini usicheze na mama yangu."

Alhamisi, 5 Machi. Mbarara.

Kwa Bwana Rwakabuba, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Nimempelekea ndizi. Ana shamba la ndizi.

Alinifundisha barazani saa nzima. Kistari kifupi hufunga maneno yawe kitu kimoja, bila nafasi kushoto wala kulia: mother-in-law ni maneno matatu lakini mtu mmoja, hata akikuchosha kama watatu. Mstari wa kati husimama baina ya tarakimu, kutoka mwaka huu hadi mwaka ule. Mrefu hutenga maelezo katikati ya sentensi. Huo, alisema, ni kama mgeni anayeingia katikati ya maombi: mmoja unamvumilia. Ukiwa na shaka, weka nukta.

Nimenakili yote isipokuwa hilo la nukta. Sikuona elimu ndani yake.

Jumamosi, 7 Machi.

Barua ya Kabanyana, upya. Rula mkononi: kifupi milimita mbili, wa kati nne, mrefu kumi. Jina la Kampire nimelitenga kwa mistari mirefu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wino mzito. Mke wangu Viviane alichungulia akasema jina linaonekana kama limelazwa kwenye machela. Nilimweleza kwamba ndivyo wanavyoandika waliosoma.

Jumanne, 10 Machi.

Msiba. Kabanyana alipeleka barua ofisini asubuhi, akarudi analia. Karani aliisoma, akavua kofia, akampa pole ya mama. Simu za Kyangwali hazishiki tangu jana.

Kanisa zima limekwenda kukaa naye. Niliombwa neno. Nikasema kwa dakika arobaini juu ya mama nisiyepata kumwona: ukarimu wake, uvumilivu wake, njia ndefu kutoka Kivu. Watu walilia. Hata Semahoro aliinama. Naona ndiyo hotuba yangu nzuri kuliko zote, Mungu anisamehe.

Jumatano, 11 Machi.

Marehemu amepiga simu. Alitaka kujua lori linakuja lini, na kwa nini watu wanapiga kelele. Wanakwaya walikuwa bado wanakunywa chai.

Kabanyana alinitazama mimi, si simu. "Karani alijulia wapi, Mwalimu?"

Tukaenda ofisini. Karani Ezira, kijana mpole, alitufungulia daftari la mgao wa chakula. "Mzee, hapa laini moja kando ya jina ni mtu hayuko. Laini mbili, huyo alishakufa. Mimi nilifikiri huyu mama anaomba lori ya kuleta maiti."

Kila siku ya mgao ndivyo wanavyotuhesabu. Nimepanga foleni mbele ya daftari hilo miaka saba.

Akaongeza kwamba wino mwekundu ni wa watu wanaochunguzwa. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa natazama rula yake. Ya chuma.

Ijumaa, 13 Machi.

Semahoro ameandika barua nyingine, na imepokelewa. Sentensi sita, nukta sita. Mama yangu ni mzima. Anaitwa Kampire. Ana miaka sabini na moja. Yuko peke yake. Nina chumba. Naomba aje.

Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Hakutaka hata shukrani, na hilo ndilo linaloniuma. Kabanyana alipita bila kunisalimia.

Jumanne, 31 Machi.

Kampire ameshuka kwenye lori. Mdogo, mkali, na kigoda chake kwapani. Alinishika mkono muda mrefu, akasema ameambiwa kwamba nilimzika vizuri, na angependa kusikia tena sehemu ile ya ukarimu. Nikairudia yote, pale pale barabarani. Kabanyana alicheka, kisha akalia, kisha akanisamehe.

Ameniomba niwaandikie watu wa ofisi barua ya shukrani. Sharti moja: mstari usikaribie jina la mama yake.

Nimetii. Barua nzima haina hata kistari kimoja. Lakini jina la mtu kama huyu haliwezi kulala tu katikati ya mengine, lisionekane. Nimenunua kalamu mpya dukani. Nyekundu. Limetoka vizuri sana.