Daktari wa Redio na Kicheko cha Baba Mdogo

Anastazia na Magreti,

Leo nimeadhirika. Tena sikuadhirika kwa kificho. Nimeadhirika sebuleni, mchana kweupe, mbele ya wakwe, redio ikiwa imewashwa. Nawaandikia nikiwa nimejifunga kanga isiyo yangu (mtaelewa mbele). Naandika leo leo kwa sababu kesho Mzee Pazi ataitangaza habari hii Tabora nzima, nami nataka nyinyi muisikie kwangu kwanza.

Nianze mwanzo. Mnanijua mimi na Daktari wa Redio. Likizo zote za mwaka huu, kila Jumamosi saa kumi, nilikuwa nasimama chini ya dirisha la duka la Bwana Karimu kusikiliza kipindi cha afya kutoka Dar es Salaam. Daktari akisema chemsheni maji, nachemsha. Akisema funikeni chakula, nafunika mpaka chumvi. Baba Mdogo nilimchimbisha choo kipya chenye mfuniko kwa maneno mawili tu: redio imesema. Bibi aliudhika sana. Akalalamika kwamba yeye miaka kumi anaimba funikeni mtungi, funikeni mtungi, hakuna anayemsikia. Leo mwanamume asiyeonekana kasema mara moja kutoka ndani ya sanduku, mtungi umefunikwa. Lakini inzi walipungua, na siku hizi Bibi mwenyewe akiona bakuli limeachwa wazi huuliza redio imesemaje.

Kwa hiyo mimi ni bingwa wa afya, hilo halina ubishi. (Hata sasa halina. Someni kwanza.)

Ila bingwa alikuwa na siri. Mnakumbuka siku ile bwenini Magreti alipomwiga Sista akikimbizwa na bata mzinga? Mkacheka mpaka mkaanguka, mimi nikatoka mbio bila kuaga. Mkasema Tekla ana maringo, hapendi mizaha. Maringo gani? Nikicheka sana, mkojo hunitoka. Basi, nimesema. Ndiyo maana sikujiunga na michezo ya kuigiza. Ndiyo maana wakati wa vichekesho vya Krismasi nilijifanya naumwa jino, mkaniletea karafuu, nikazitafuna moja moja. Niliona afadhali mnichukie kuliko mnione.

Ningemwambia nani? Bibi angenichemshia mizizi, kisha akawaeleza majirani mizizi ile ni ya nini. Sista wa dawa angeandika kwenye daftari lake, na daftari lile mnajua linasomwa na nani. Nikaona mtu pekee wa kumwamini ni yule ambaye hajawahi kuniona. Nikamwandikia Daktari wa Redio.

Tatizo likawa moja. Kipindi hakisomi barua isiyo na jina kamili la mtu mzima na anwani yake. Wazazi wangu wanalima Lusu, hawana anwani ya kueleweka. Lakini Baba Mdogo Kaspari, ninayekaa kwake likizo, ni karani wa tiketi hapa stesheni na ana sanduku la barua. Redio hakuwa nayo, na Jumamosi saa kumi yuko dirishani anagonga mihuri. Nani angejua? Nikaweka jina lake.

Na kwa kuwa nimeweka jina la mtu mzima, nikaandika kama mtu mzima. Barua ile, ndugu zangu, ilikuwa nzuri. Sista wa Kiswahili angenipa alama zote. Nikaituma, nikasubiri. Mwezi ukapita. Ukapita wa pili, na wa tatu. Nikasema basi, imepotea, nikaisahau.

Sasa lazima niwaeleze habari za Baba Mdogo, kwa sababu msiba wote uko hapo. Baba Mdogo hacheki. Si mkali, hapana, ananilea vizuri kuliko nilivyostahili leo. Hacheki tu. Kaptula yake imenyooshwa pasi, soksi ziko magotini, na anaamini kwamba karani akionyesha meno dirishani, abiria watamzoea. Watu wa mtaani hapa walishazoea. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Leo wakwe wamekuja kwa treni kutoka Kigwa. Baba Mdogo anamchumbia Mwalimu Selina, na mahari ilishapokelewa. Kilichobaki kilikuwa siku ya ndoa tu. Amekuja baba yake Selina, mkulima mpole wa maneno machache, na shangazi yake, ambaye si mpole na maneno anayo yote. Kila mtu anajua Shangazi akikataa, hakuna ndoa. Baba Mdogo wiki nzima halali, na leo aliomba ruhusa kazini. Alipaka chokaa, aliazima viti, na wiki iliyopita alinunua redio, ile ya betri kubwa kama tofali, ili wakwe waone Selina anaolewa na mtu wa kisasa. Waya wake aliutandaza kutoka paani mpaka kwenye mlimao.

Pilau ilipikwa na Mzee Pazi, aliyekuwa mpishi wa treni. Mzee Pazi ni Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo mnajua mambo yetu: tangu babu zetu walipokuwa wapagazi wa misafara wakauguzana na kuzikana njiani, mtani akikutania hukasiriki. Hata akikutania msibani. Hata akikutania mbele ya wakwe.

Mambo yalianza vizuri. Nikapiga magoti, nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Nikaleta maji ya kunawa (na sabuni, redio imesema), kisha chai, matobolwa ya viazi vitamu na asali. Shangazi akakagua kila kitu kwa uso wa mtu anayenunua ng'ombe. Kuta akazikubali. Picha ya Malkia na ya Bikira Maria akazikubali. Choo alikwenda kukiona mwenyewe, akarudi ameridhika. Akasema liko jambo moja tu linalomsumbua: mwaka mzima amemfahamu kijana huyu na hajayaona meno yake. Baba Mdogo akajibu kwamba ni tabia ya kazi. Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema haya, tukitazama baada ya Pasaka, kuna Jumamosi ile ya kwanza...

Hapo Baba Mdogo, kwa furaha, akasema tuwashe redio kidogo.

Ilikuwa saa kumi.

Kusikia tu ile ngoma ya kufungulia kipindi, moyo wangu ukajaa. Nikawaambia wageni huyu ndiye Daktari wa Redio mwenyewe, aliyetuchimbisha choo. Nikamhakikishia Shangazi kwamba huyu hasemi uongo hata siku moja. Kisha nikaenda kuongeza sauti. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi.

Mtangazaji akasema barua ya leo imetoka Jimbo la Magharibi. Akasoma:

"Daktari mpendwa, mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu, na kazi yangu ni ya kutazamana na watu. Nina shida ya siri. Nikicheka sana, mkojo hunitoka. Kwa sababu hiyo, mbele za watu najizuia kabisa nisicheke, na wengi wanadhani nina majivuno. Nifanye nini? Ni mimi, Bwana Kaspari Maganga, karani, Tabora."

Bibi alikuwa mlangoni na sahani. Akasema polepole, "Mayu wane," yaani mama yangu, akaiweka sahani chini. Shangazi naye akakitua kikombe. Baba mkwe, aliyekuwa amekaa na Baba Mdogo kwenye benchi moja, akajisogeza pembeni kidogo kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake. Daktari akaanza kujibu, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

"Sikuandika mimi," akasema Baba Mdogo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Shangazi akamwuliza Tabora ina makarani wangapi wanaoitwa Kaspari Maganga. Akasema sasa ameelewa yale meno. Nikaona sote tumeelewa, hata Bibi, aliyemzaa! Barua ile ilikuwa inamkaa sawasawa kabisa. Nilikuwa nimemwandika Baba Mdogo vizuri kuliko nilivyojiandika mimi.

Shangazi akafunga kanga yake vizuri, akamwambia kaka yake wawahi treni. Habari ya Pasaka hakuitaja tena. Baba Mdogo alikuwa anaangalia soksi zake. Huyu ndiye anayeninunulia madaftari, na hajaniuliza hata siku moja kwa nini nguo zangu nazifua usiku kila tukiwa na wageni wachangamfu. Nikaona nikinyamaza, nimemmaliza.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Shangazi, barua ni yangu. Shida ni yangu. Jina nililiiba."

Mnafikiri nilisamehewa? Hata kusadikiwa sikusadikiwa. Shangazi alinitazama kwa huruma, akanishika shavu. Akamwambia Baba Mdogo amelea vizuri, mtoto anakubali kujipaka uchafu ili kumfichia baba yake. Nikaapa. Akasema ndiyo, ndiyo, mwanangu, akatafuta viatu vyake.

Hapo ndipo Mzee Pazi alipotoka jikoni.

Alikuwa amebeba beseni. Akaja taratibu mpaka mbele ya Baba Mdogo, akainama, akalisukuma beseni chini ya benchi, akalirekebisha likae katikati. Akajifuta mikono. Akawaambia wakwe wasiogope kitu, yeye kama mtani atasimamia mwenyewe ndoa hiyo. Kisha akaiga sauti ya Padri:

"Kaspari, unamkubali Selina? Jibu upesi, baba, kabla watu hawajafurahi."

Baba mkwe, yule mpole, akatoa sauti puani. Bibi akajificha nyuma ya mlango. Nikajiuma shavu. Nikawaza misiba. Nikawaza hesabu za sehemu. Nilikuwa nimeshinda, nawaapia, nilikuwa nimeshinda kabisa, mpaka Baba Mdogo alipocheka.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mtu mzito vile, sauti nzito vile, kumbe kicheko chake ni chembamba, kinapanda juu kama cha mwanambuzi! Akawa anajaribu kukizuia, kinamponyoka, kinapanda zaidi. Machozi yakamtoka. Akajishika mbavu, akalala ubavu kwenye benchi, soksi moja imeshuka. Shangazi alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, na sasa hata yeye alikuwa anatetemeka. Nami nikacheka. Nilicheka kicheko cha miezi yote niliyowakimbia nyinyi bwenini.

Na ikatokea.

Bado nilikuwa nimepiga magoti, kwenye sakafu ya saruji, na saruji hainywi kitu. Mkojo ukatambaa taratibu mbele ya watu wote, ukielekea viatu vya baba mkwe. Yeye akainua miguu yote miwili, akaendelea kucheka.

Shangazi ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Akamwambia Baba Mdogo asimame. Akasimama. Akamwambia ageuke. Akageuka, na kaptula ilikuwa kavu, mistari ya pasi iko mahali pake. Mzee Pazi akavuta beseni, akalipindua, akatangaza kwamba halina kitu. Shangazi akaangalia sakafu, akaniangalia mimi.

"Basi," akasema. "Mtoto hakusema uongo. Kaka, keti. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka."

Ndoa ipo. Mimi ndiye niliyeiponya, ingawa mimi ndiye niliyeiua (naomba wakati wa kuhukumu mkumbuke yote mawili). Baba Mdogo hakunigombeza. Alifuta macho, akavuta soksi yake juu, akaniambia safari nyingine nikiandika, niweke jina la Mzee Pazi. Kisha kicheko kingine kikamponyoka.

Shangazi ndiye aliyenipeleka uani. Alinimwagia maji, akavua kanga yake ya juu, akanifunga. Mimi nilikuwa nalia sasa, nilikuwa nimesubiri mpaka nisionekane. Akaangalia huku na huku. Akaninong'oneza:

"Nyamaza. Hata mimi, tangu nimzae wa nne. Huyo daktari alijibu nini? Mimi sikumsikia."

Nikafungua mdomo nimwambie. Jamani, hata mimi sikumsikia! Miezi mitatu nimengoja jibu, limekuja mpaka sebuleni, nikaliongeza sauti kwa mkono wangu, likapita juu ya vichwa vyetu tukishughulika na beseni. Kitu kimoja tu nilikidaka: nendeni hospitali, msione haya, mko wengi. Shangazi akafikiri kidogo. Akasema hatarudi Kigwa leo. Atalala hapa mpaka Jumatatu, twende hospitali wawili, na mimi ndiye nitakayesema, maana mimi nimeshazoea.

Nami nitasema. Sina tena cha kuficha, na nawaambia ukweli, leo nimepumua. Shule zikifungua nitajiunga na michezo ya kuigiza, na bwenini sitawakimbia tena.

Kwa hiyo barua hii chekeni mkiwa huko huko, mmalize kabisa. Nikifika nisikute hata tabasamu. Na Magreti, yule bata mzinga mwache kwanza, maana kanga ya Shangazi inarudi Kigwa Jumatatu jioni.

Ni mimi mwenyewe, kwa jina langu,
Tekla