Ubatizo wa Bleu Namba Nne

Jumatatu, 8 Septemba

Bon. Ijumaa nachaguliwa rais wa Chama cha Wanafunzi Wakongomani chuoni hapa Louisville, Marekani. Kura za wapya sita nitazipata kwa desturi ya nyumbani! Mjomba Semahoro alibatizwa bleu, yaani mwanafunzi mpya, chuoni Bukavu: alibeba mabegi ya wakubwa, akaimbishwa juu ya meza. Mpaka leo anawaheshimu. Mimi nilitoka Kongo na miaka saba, lakini damu haisahau.

Chuo kimetugawia karatasi ya dalili za kuonea wapya: kuwatuma, kuwapigisha magoti, kuwaita kwa namba. Karatasi nzuri sana! Hiyo ya namba mimi nisingeifikiria.

Jumanne, 9 Septemba

Amri zimetoka kwa WhatsApp, Namba Moja mpaka Sita; majina yao sikuyauliza. Bleu Namba Nne ataniletea sombe, kisamvu cha kwetu, keshokutwa saa nne asubuhi, mbele ya maktaba, kwa magoti. Sandrine, mweka hazina, anasema huko ni kuonea watu. Nimemjibu hayo ni mambo ya Wazungu, sisi ni familia. Wivu tu!

Alhamisi, 11 Septemba

Mungu wangu! Namba Nne ni Mama Généreuse, anayeimba kwaya na mama yangu kule mtaani Iroquois! Miaka arobaini na sita, anasomea uuguzi, usiku anafanya kazi kwenye ghala. Amepiga magoti kwenye saruji, sufuria mkononi, macho mekundu. Nikamsihi: simama, Mama, simama! Akakataa. Alidhani ni sharti la chuo, kama zile fomu zote alizojaza tangu kambi ya wakimbizi, na kwamba asipotii atafukuzwa. Alitoka kazini akaanza kutwanga. Mtihani wake wa kemia ulikuwa saa nne hiyo hiyo. Ameukosa.

Nimejisikia vibaya sana. Sombe ilikuwa tamu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sandrine amenishitaki kwa mkuu wa wanafunzi. Mama yangu naye amejua, na kwa Mama hakuna rufaa: amenisindikiza hadi kwa mwalimu wa kemia, nikakiri yote. Mama Généreuse atarudia mtihani. Asante Mungu.

Uchaguzi: Mama Généreuse, ambaye hata hakugombea, kura kumi na tisa. Mimi moja. Nimechunguza mwandiko. Ni wangu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepewa adhabu: semina ya kutambua uonevu, wiki sita. Tuko wakosaji wanane kutoka vyama mbalimbali. Nilifika wa kwanza. Donc, kwa haki kabisa, mimi ndiye mkubwa wao. Kila aliyeingia nimemweleza kwamba hapa mpya husimama kwa mguu mmoja mpaka aruhusiwe. Wa mwisho amekataa. Eti yeye ndiye mwalimu.

Bon. Mimi nilipofika, huyo mwalimu nilimkuta? Hapana. Basi naye ni mpya tu.